Rafu za Karakana na Haki ya Jirani

Ndugu msomaji, tunapotaja wajibu wa raia, fikra hukimbilia sanduku la kura na kodi. Mimi niliufikiria wajibu huo nilipokuwa nikiligeuza banda la gari nyumbani, hapa Kampala, liwe karakana ndogo.

Nilihitaji rafu. Ndeeba, kwa wauza mbao, nilionyeshwa mbao za paini, nyepesi na za bei nafuu. Ila mchwa nao huzipenda. Katwe, mafundi wa chuma walinishauri wanichomelee fremu ya vyuma, kisha nitandike mbao juu yake. Nilikubali, nikaomba fremu itobolewe matundu ya kuikaza ukutani kwa bolti, isije ikamwangukia mtu. Vitu vizito vingekaa chini, vyepesi juu.

Lililobaki lilikuwa gumu zaidi: rangi, asidi ya betri na dawa ya mchwa. Ua wetu ni wa wapangaji kadhaa, na mama mmoja jirani aliniuliza, "Mwalimu, sumu hizo utaziweka wapi? Wanangu huingia humo kufuata mpira."

Fundi alisema rafu ya juu yatosha. Sikuridhika. Mtoto hupanda, na chupa ya asidi ikimponyoka, humwagikia uso. Basi nilipunguza rafu moja, na fedha yake nikaiongezea kabati fupi la chuma lenye kufuli. Kila kitu kinakaa humo katika chombo chake cha asili, wala si katika chupa ya soda, kwa maana mtoto mwenye kiu hasomi maandishi. Petroli siihifadhi bandani kamwe: mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi ukalifikia jiko la makaa la jirani.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 17, inamtaka raia aheshimu haki za wenzake na alinde mazingira safi yenye afya. Haitaji kabati wala kufuli. Hayo imetuachia sisi, kila mmoja katika ua wake.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Lakini hao hao walisema, tahadhari kabla ya hatari. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kupima ukuta wako, uliza kwanza ni watoto wa nani wanaopita mlangoni.