Kreti Mbili, Namba Moja

Wasee, nilipoacha chuo mwaka wa pili, nyumbani waliamua mimi ni wa kukaa kwa simu tu. Sawa. Lakini msimu wa maembe ulipofika, kazi iliyonilipa ilikuwa kuprinti lebo za kreti kwa banda moja hapa Tawa. Mkulima analeta maembe, kila kreti inapewa namba, namba inaandikwa kwa kitabu kando ya jina lake. Pesa inafuata namba. Jina halipandi lori.

Printa za viwandani zinazotumia ZPL zina amri inaitwa ^SN. Unaiambia ianzie wapi, iongeze ngapi, na kama ibakishe sufuri za mbele. Nikaandika ^SN0001,1,Y, nikaweka ^PQ600 ndio itoe lebo 600, nikaenda chai. (Ukisahau hiyo Y, 0001 inatoka 1. Hilo nilikuwa nishajifunza kwa aibu.)

Ilipofika 0412 rola ikaisha. Nikaweka ingine, mashine ikaendelea, nami nikarudi kwa TikTok.

Jioni mama mmoja akasimama mlangoni.

"Kijana wangu, wanasema 0412 ni ya mtu mwingine na ashalipwa. Kwani maembe yangu yameenda wapi?"

"Mwaitu, ngoja kidogo."

Kumbe karatasi ikiisha, printa inarudia namba ya mwisho, ikidhani lebo ya kwanza ilikatika katikati. Yangu haikukatika. Vijana wa kubandika wakabandika zote mbili, na kwa nini wasibandike? Kilichotuokoa ni kwamba yeye alileta ngowe, mwenzake apple. Tulifungua kreti moja moja na tochi ya simu mpaka tukaona ngowe.

Kuna mpangilio wa kuzima hiyo tabia, ^JZN. Kuna watu wanaogopa kuuzima kwa sababu lebo ikiharibika, namba inaruka. Acha iruke! Namba ikikosekana naandika kwa kitabu "hii iliharibika", basi. Ikijirudia, mtu mmoja analipwa na mwingine anaambiwa arudi kesho, na huyo wa kurudi kesho ameshatumia nauli ya boda.

Wiki iliyofuata alirudi na kreti saba. Alisoma kila namba kwa sauti, akaziandika nyuma ya kadi ya kliniki, polepole, foleni ikinung'unika nyuma yake. Nikamwacha amalize.