AC ya gari kuukuu: nitengeneze au niing'oe?

Wiki hii naweka kodi kando. Wale mnaopita hapa kutafuta mambo ya PHP na hifadhidata mnisamehe. Mada ya leo ni gari, ingawa mtakaosoma hadi mwisho mtaona ugonjwa ni uleule tunaouguza kazini kila siku.

Gari lenyewe ni Eunos Roadster la 1991, ambalo Ulaya wanaliita Mazda MX-5 na Marekani Miata. Viti viwili, paa la turubai, injini ya lita 1.6, na uzito usiofika tani moja. Lililetwa Kenya likiwa limetumika, zamani hizo, na namba yake inaanza na KA. Nililinunua miaka mitatu iliyopita kwa pesa za kandarasi yangu ya kwanza ya maana. Kila kitu kilifanya kazi isipokuwa AC. Ukibonyeza swichi taa inawaka, feni inavuma, na unapulizwa hewa ileile ya nje. Gesi ilikuwa imekwisha kabla sijalijua gari hilo.

Kwa muda mrefu niliiacha hivyo. Lakini kila nikifungua boneti naona kompresa, paipu na kondensa vimekaa pale, vinabebwa kila siku na havifanyi lolote. Sisi wa programu tunakijua kitu kama hicho: ni ule msimbo ambao hakuna anayeuita tena, lakini kila mtu anaogopa kuufuta. Mwezi wa tatu nikaamua imetosha. Ama ifanye kazi, ama itoke.

Hoja za kuing'oa

Fundi wa kwanza niliyemwendea hakufikiria hata dakika moja. "Bosi, toa tu. Hapa Nairobi AC unaitaka ya nini?" Na kwa kweli hoja zake zilikuwa nzito:

1. Uzito. Mfumo mzima wa AC kwenye gari hili ni kama kilo 20, na karibu zote ziko mbele. Kwa lori si kitu. Kwa gari ambalo raha yake yote inatokana na wepesi, ni kitu.

2. Nguvu. Japani injini hii ilipimwa farasi 120. Nairobi tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa asilimia kama 15, na injini isiyo na tabo inapoteza nguvu kwa kiasi hichohicho. Unabaki na farasi 100 hivi. Kompresa ikishika inachukua kadhaa tena.

3. Joto la injini. Kondensa inakaa mbele ya redieta. Ukiitoa, redieta inapata upepo wote.

4. Pesa. Kung'oa: ufundi 5,000, mkanda mfupi wa pampu ya usukani 1,200, na kipande cha bati cha kuziba nafasi ya evaporeta 2,500. Jumla shilingi 8,700. Kutengeneza, kama mtakavyoona, ni zaidi ya mara nne ya hapo.

Nilikaa na orodha hiyo siku kadhaa, nikaanza kuichokonoa. Hoja ya pili ni dhaifu kuliko inavyoonekana. Kompresa ya gari ina klachi ya sumaku mbele yake. AC ikiwa imezimwa, kinachozunguka ni puli tupu, kompresa yenyewe imelala. Kwa hiyo sipotezi nguvu yoyote ila pale ninapoiwasha mwenyewe, na kilima kikinishinda naizima. Ya tatu nayo ina upande wa pili: gari hili lina feni mbili nyuma ya redieta, na ya pili ililetwa na AC. Ukibeba mfumo wote ukatupa, unatupa na feni ya akiba, ambayo siku ya foleni ya Mombasa Road ina thamani yake.

Kile kipande cha bati nacho si pambo. Evaporeta iko nyuma ya dashibodi, katikati ya feni ya ndani na hita. Ukiitoa bila kuunganisha pengo hilo, upepo unapotelea ndani ya dashibodi na kioo chako hakipati hewa ya kuondoa ukungu.

Logi ya siku 61

Nikafanya kinachofanywa na mtu wa taaluma yangu anaposhindwa kuamua: nikaanza kuandika logi. Kwa siku 61 kila safari niliiandika kwenye jedwali: tarehe, saa, njia, nani yuko kwenye kiti cha pili, na kama nilitamani AC, ndiyo au hapana. Safari zilikuwa 74. "Ndiyo" zilikuwa 9.

Tisa kati ya 74 ni asilimia 12. Kazini, kipengele cha programu kinachotumiwa hivyo, na kinachohitaji pesa zote hizo kukifufua, tungekifuta bila kikao cha pili. Nilikuwa karibu kumpigia fundi simu.

Kabla sijapiga nikazisoma zile tisa mojamoja. Tatu zilikuwa za mvua na ukungu upande wa Limuru. AC haipoozi tu, inakausha hewa: unyevu unaganda kwenye evaporeta na kudondoka chini ya gari, na kioo kilichofunga ukungu ndani kinafunguka haraka. Safari hizo ningeweza kuvumilia kwa kitambaa na subira.

Sita zilizobaki zote zilikuwa na jina moja kwenye safu ya kiti cha pili: Mama.

Mama anaishi Voi. Ana pumu, na kliniki yake iko Mombasa, kilomita kama 160 kutoka kwake. Nikiwa nyumbani mimi ndiye humpeleka, na gari nililo nalo ni hilo moja. Njia ni ileile ya malori yote yanayotoka bandarini: Maungu, Mackinnon Road, Samburu, Mariakani. Voi iko chini ya mita 600, na kadiri unavyoshuka joto linazidi na unyevu unaongezeka. Ukifungua vioo unavuta moshi wa dizeli na vumbi la kando ya lami. Ukivifunga na kuweka hewa izunguke ndani kwa ndani, moshi haungii, lakini bila AC chumba kidogo kama kile kinakuwa tanuri kwa dakika chache, maana hata handaki la gia katikati ya viti linatoa joto lake. Watu huniambia, si ufungue paa? Mfungulie paa mzee mwenye pumu nyuma ya trela, saa saba mchana, Samburu, halafu uniambie ilikuwaje.

Mama mwenyewe si mtu wa kulalamika. Hufunga leso yake mdomoni na puani, huweka kipuliziaji mkononi, kisha hutazama mbele. Mara moja tu alisema, "Mwanangu, gari lako zuri, ila halina mahali pa kupumulia."

Hapo ndipo nilipoona kasoro ya kuamua kwa logi peke yake. Logi inahesabu mara, haipimi uzito. Safari 65 za "hapana" zilikuwa za kwenda kununua mkate na kurudi. Ukizijumlisha zote hazifiki safari moja ya kliniki. Programu zetu nazo zina vitufe vya namna hiyo: kile cha kurejesha data hubonyezwa mara moja kwa mwaka, na hakuna mwenye akili anayekifuta kwa sababu hiyo.

Gesi ambayo haipo tena

Uamuzi wa moyo haukutosha, ilibidi kujua kama mfumo unatengenezeka. Gari la 1991 lilitoka kiwandani na gesi ya R12. Hiyo ni mojawapo ya zile zilizokuwa zikitoboa tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa 1987 uliiwekea mwisho: nchi tajiri ziliacha kuitengeneza kufikia 1996, na nchi zinazoendelea, Kenya ikiwemo, zikapewa hadi 2010. Sekretarieti ya mkataba huo iko hapahapa kwetu, Gigiri. Kwa hiyo mtu akikuambia leo atakujazia R12, muulize ameitoa wapi.

Badala yake kuna R134a. Haigusi ozoni, ingawa nayo si malaika: kwa miaka 100 inapasha dunia joto zaidi ya mara 1,400 ya uzito uleule wa kaboni dioksidi, na ndiyo maana Marekebisho ya Kigali ya 2016 yanaipunguza polepole. Hii ni sababu nyingine ya kutojaza gesi kwenye mfumo unaovuja. Fundi wa pili alitaka kufanya hivyohivyo, "tujaze tuone itakaa siku ngapi". Nilikataa. Ungekuwa unalipa kuipeleka gesi angani.

Tena R134a haimiminwi tu mahali pa R12. Mafuta ya madini yaliyolainisha kompresa ya zamani hayachanganyiki nayo, hivyo huhitaji mafuta ya esta. Pete za mpira za zamani hubadilishwa. Molekuli zake ni ndogo zaidi, hupenya hozi zilizochoka. Na draya, ule mkebe unaonyonya unyevu, lazima uwe mpya kila mfumo unapokaa wazi.

Jinsi ya kujua kabla hujalipa

Fundi wa tatu ndiye alinionyesha njia, na ningependa muijue kwa sababu hugharimu kidogo kuliko kubahatisha:

- Injini ikiwa imezimwa, zungusha kwa mkono sahani ya mbele ya kompresa. Ikizunguka laini, kuna matumaini. Ikikwama au ikikwaruza, hesabu inabadilika.

- Fungua hozi moja uangalie mafuta. Yakiwa safi, vizuri. Yakiwa meusi yenye vumbi la chuma, kompresa imejisaga na uchafu umeenea hadi kondensa na evaporeta. Hapo mimi pia ningeng'oa.

- Jaza naitrojeni, si gesi ya AC, kisha paka povu la sabuni kwenye viungo vyote. Palipo na mapovu ndipo panapovuja.

Kompresa yangu ilizunguka. Mafuta yalikuwa safi. Mapovu yalitokea mahali pawili: pembe ya chini ya kondensa, palipogongwa na jiwe, na kwenye hozi moja. Bili ikawa hivi: kondensa 14,000, draya 4,500, pete na mafuta 3,500, hozi 5,000, naitrojeni, vakyumu na gesi 5,500, ufundi 6,000. Jumla 38,500. Tofauti na kung'oa ni 29,800, na siku hiyo pesa hizo zilikuwa na kazi nyingine: laptopu yangu inashikiliwa na gundi.

Nilitengeneza. Laptopu itangoja.

Kitu kimoja msikubali kurukwa ni vakyumu. Mfumo unavutwa hewa kwa nusu saa au zaidi, kwa sababu kwenye vakyumu maji huchemka hata bila moto, na unyevu wote hutoka ukiwa mvuke. Fundi mwenye haraka huona hapo ndipo pa kuokoa muda. Baada ya hapo pampu huzimwa na geji huachwa: sindano ikipanda, kuna mwanya bado. Yangu ilitulia.

Siku ya kwanza Voi, nje ikiwa nyuzi 33, kipimajoto nilichochomeka kwenye tundu la hewa kilisoma nyuzi 11. Si baridi ya gari jipya, lakini vioo vilikuwa juu, hewa inazunguka ndani, na leso ya Mama ilibaki mkobani hadi Mombasa.

Kama wewe unang'oa

Wapo ambao kung'oa ni sawa kabisa: mwenye gari la mashindano, mwenye kompresa iliyojisaga, anayekaa Nairobi na hana abiria wa kumfikiria. Basi fanya kwa namna inayoweza kurudishwa. Usikate paipu, fungua viungo. Ziba matundu yote siku hiyohiyo ili unyevu usiingie. Usikate waya, funga plagi kwa tepu. Weka bolti kwenye mifuko yenye majina, na kila kitu kwenye boksi moja. Kama bado kuna gesi ndani, mpe fundi mwenye mashine ya kuivuta, usiifungulie hewani. Gari lina miaka zaidi ya 30, huenda likawa na mwenye kiti cha pili mwingine baada yako.

Haya, gari limetosha. Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata, na nina jedwali moja kazini ambalo kila mtu anataka lifutwe. Kabla ya kulifuta nitauliza kwanza ni nani anayelisoma.