Spana za Nyumbani: Pima Mdomo Kwanza, Jina Baadaye

Leo tuweke mbolea na viuatilifu pembeni kidogo. Tangu umwagiliaji uanze, swali ninaloulizwa sana shambani halihusu wadudu. Ni hili: "Bwana shamba, ninunue spana za kampuni gani?"

Ni swali la maana. Mkulima mdogo wa leo ana pampu ya petroli, pikipiki, baiskeli, plau, na wengine wana mashine ya kukoboa. Vyote hivyo vimeshikwa na nati. Nati moja ikigoma, kazi yote inasimama.

Kwa nyumbani napendekeza spana yenye mdomo wazi upande mmoja na ringi upande wa pili, pande zote mbili namba moja. Ni spana mbili katika chuma kimoja.

Spana mbovu inagharimu kiasi gani?

Msimu uliopita nilimtembelea mzee mmoja mwenye nyanya zilizokuwa zimeanza kutoa maua. Pampu yake ilikuwa inavuta hewa kwenye ungio la bomba. Kazi ilikuwa kufungua bolti mbili na kubadilisha mpira.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, bwana shamba. Njoo uone maajabu. Spana inazunguka, bolti imetulia."

Spana ilikuwa mpya na inang'aa, imetoka kwenye seti ya bei ya chini aliyoinunua mnadani. Mdomo wake ulikuwa umepanuka, na kichwa cha bolti kimeliwa hadi kuwa duara. Fundi wa kuchomelea alipatikana siku ya tatu. Akachomelea nati juu ya kichwa kile, ndipo bolti ikatoka. Siku hizo tatu jua lilikuwa kali, na nyanya ikikosa maji wakati wa maua, maua hupukutika. Vichala vya kwanza vilikwenda hivyo. Ukijumlisha fundi na mavuno yaliyopotea, angeweza kununua spana nzuri za kumtosha miaka mingi.

Jinsi ya kupima dukani

Usiende mikono mitupu. Fungua nati moja ya mashine yako, ile unayoifungua mara kwa mara, uende nayo. Kisha fanya hivi:

1. Ingiza nati kwenye mdomo wazi, utikise. Kucheza kidogo sana ni kawaida. Ikicheza sana, au spana ikitaka kuruka pembe, irudishe.

2. Tazama ndani ya ringi. Meno yawe yamekatwa vizuri na yanalingana. Meno butu yatateleza.

3. Soma namba. Iwe imegongwa kwenye chuma chenyewe. Iliyoandikwa kwa rangi hufutika.

4. Usidanganywe na sumaku. Wauzaji wengine huinatisha spana kwenye sumaku kuonyesha kwamba ni chuma halisi. Chuma laini nacho hunata.

5. Usinunue mng'ao. Ule mng'ao unazuia kutu, hauongezi nguvu. Hata herufi CR-V, zinazomaanisha chuma kilichochanganywa na kromu na vanadi, mtu yeyote anaweza kuzigonga juu ya chuma chochote.

Sasa tuje kwenye majina

Gedore na Stahlwille za Ujerumani, Facom ya Ufaransa na Bahco yenye asili ya Sweden ni vifaa vya fundi anayefungua nati kutwa nzima. Ni vizuri mno, lakini bei yake kwa mtu anayefungua pampu mara mbili kwa mwezi ni kubwa kuliko kazi yenyewe.

Katikati kuna King Tony ya Taiwan na Taparia ya India. Za kwangu nyingi ni za kundi hili, nilizinunua moja moja kadiri mshahara ulivyoruhusu. Mdomo unakaa sawa na bei inabebeka.

Kisha kuna Ingco na Total za China, ambazo utazikuta katika maduka mengi ya vifaa vya ujenzi hata miji midogo. Kwa matumizi ya nyumbani zinafaa, na faida yake ni kwamba muuzaji yuko karibu. Omba risiti, na kubaliana naye mapema kwamba ikipanuka utairudisha.

Ila jina lolote linaweza kughushiwa. Ukiona spana yenye jina kubwa inauzwa kwa bei ya karanga, rudi kwenye vipimo vyangu vitano. Spana isiyo na jina maarufu lakini inashika nati sawasawa ni bora kuliko jina kubwa linaloteleza.

Namba zipi?

Usikimbilie seti ya vipande ishirini. Kwa pampu ndogo na pikipiki, anza na 8, 10, 12, 13, 14 na 17. Kwa baiskeli ongeza 15, ambayo mara nyingi ndiyo nati ya gurudumu la nyuma. Namba 19 ifuate baadaye. Sita nzuri ni bora kuliko ishirini laini.

Mwenye trekta la zamani kama Massey Ferguson 135 awe makini, kwa sababu nati zake nyingi ni za inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7. Spana namba 13 itaingia, lakini italegea na kula pembe. Robo tatu ya inchi ni milimita 19.05, kwa hiyo namba 19 inakaribiana nayo sana.

Matumizi

Nati iliyokaza ianze kwa ringi, kwa sababu ringi inashika pembe zote sita. Mdomo wazi unabana pande mbili tu. Uutumie nati ikishalegea. Nati yenye kutu iwekee mafuta, uiache ilale. Usiongeze bomba kwenye mpini ili kupata nguvu. Na ile spana ya kurekebisha mdomo, mafundi wanaiita spana malaya, iwe ya dharura, isiwe ya kila siku.

Kwa ndugu zangu wenye maduka: uzeni spana moja moja, na mruhusuni mteja ajaribu nati yake. Mteja ambaye pampu yake haikusimama msimu mzima atarudi kwenu kununua na mbegu.

Mimi sipokei chochote kutoka kampuni yoyote niliyoitaja. Mwenye swali aje ofisi ya kata, na nati yake mkononi. Kazi njema.