Spana namba 13

Masika ya mwaka jana yalitulowesha magunia sita ya maharage kati ya Ngaramtoni na soko la Kilombero. Maharage yakachipua, na ada yangu ya shahada ya uzamili ikachelewa muhula mzima.

Kwa hiyo mwezi Machi, Meru ikiwa imejifunika mawingu tangu asubuhi, mimi na Baba tulifunga turubai kwenye pikapu. Fundi wa Unga Limited alilishona juu ya fremu ya mabomba inayokunjika kuelekea kichwa cha gari, ili siku ya kubeba majani ya ng'ombe tusilazimike kuing'oa.

Baba hakuwahi kuniachia spana. Tangu utotoni kazi yangu ni kushika tochi. Bolti ya kwanza aliikaza mwenyewe. Ya pili ilimponyoka, nati ikabingirika chini ya gari. Akautazama mkono wake wa kulia, ule uliobaki mzito tangu kiharusi, kisha akanipa spana namba 13.

"Kaza wewe. Lakini usimalizie moja kabla zote nne hazijakaa."

Nilikaza huku nikiogopa kumtazama. Tulipomaliza, akapanda nyuma, akaketi chini ya turubai kama abiria.

"Mwaga maji."

Nikamwaga ndoo nzima. Kimya. Halafu nikasikia sauti yake, ile ya zamani, imejaa furaha:

"Hapa kwako panavuja!"