Mchagua Sarafu Hupata Kizibo

Wahenga wa pwani walinena kwamba mchagua nazi hupata koroma. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa kijana anayechelewa kuoa kwa kutafuta kasoro za wachumba, lakini yuko mtu mwingine ambaye inamfaa zaidi. Huyu ni mtafuta sarafu kwa mashine, yule atembeaye polepole amevaa visikizi masikioni na kushika fimbo yenye duara mwishoni, akiipitisha juu ya ardhi kama afagiaye bila kugusa. Kazi yake yote ni kuchagua. Anachochagua kinajulikana. Anachokitupa ndicho kinachostahili kuulizwa, hasa katika ardhi kama ya Kikambala.

Kikambala iko Kilifi, baina ya Mtwapa na Vipingo. Mchanga wake ni mweupe, na nyuma ya mchanga kuna ardhi ya matumbawe iliyofunikwa na udongo mwekundu, minazi na mashamba. Kwa miongo mingi hoteli zimejengwa, zikabomoka, zikajengwa upya. Wavuvi wamepoteza hapo ndoana na chubwi za risasi. Mafundi wamemwaga misumari. Walevi wameacha vizibo vya chupa. Watalii wameacha vipete vya kufungulia mikebe ya soda. Mwendo mfupi kuelekea kusini, ufuoni, yapo magofu ya Jumba la Mtwana, mji uliositawi katika karne ya 14 na kuhamwa mwanzoni mwa karne ya 15, ambao James Kirkman aliufukua mwaka 1972. Kwa hivyo mtu anayetaka ardhi safi isiyo na uchafu wa metali atafute kwingine, ila asitarajie kupata pesa huko. Pesa huanguka palipokaa watu, na palipokaa watu pana jaa.

Ni vyema kwanza kueleza jinsi mashine yenyewe inavyofanya kazi. Ndani ya lile duara mna waya uliozungushwa mara nyingi, uitwao koili. Umeme unaobadilika upande maelfu ya mara kwa sekunde hupita ndani yake na kuzusha uga wa sumaku unaopenya ardhini. Uga huo ukikutana na metali, huamsha ndani ya metali hiyo mikondo midogo ya umeme, nayo mikondo huzusha uga wake wenyewe, ambao koili ya pili huupokea na kuugeuza kuwa sauti. Fedha na shaba hujibu kwa namna moja, chuma kwa namna nyingine, na tofauti hiyo ya kuchelewa kwa jibu ndiyo inayomwezesha mtafutaji kuambiwa, kwa kukisia, ni kitu gani kilicho chini ya miguu yake.

Neno "kukisia" halikutumiwa ovyo. Tangu zamani adui wa chombo hiki amekuwa metali isiyotakiwa. Rais James Garfield wa Marekani alipopigwa risasi mwaka 1881, Alexander Graham Bell alitengeneza chombo cha aina hii ili kuitafuta risasi mwilini mwake. Hakuipata. Mojawapo ya sababu zinazotajwa ni kwamba mgonjwa alikuwa amelazwa juu ya godoro lenye springi za chuma, zikakivuruga chombo.

Hali ya Bell ndiyo hali ya mtafutaji wa Kikambala kila hatua. Akitumia koili kubwa, tuseme yenye upana wa sentimita 28, ataona mbali zaidi chini na kumaliza shamba mapema. Lakini chini ya koili hiyo kwa wakati mmoja kutakuwa na misumari mitatu, kizibo kimoja na pengine sarafu moja, na vyote vitanena kwa pamoja kama watu wanaogombana sokoni. Sauti ya chuma itaifunika sauti ya shaba. Mtafutaji atasikia chuma, atapita, na sarafu itabaki pale pale, sentimita chache kutoka usoni.

Dawa yake ni koili ndogo, ya sentimita 13 au 15 hivi. Uga wake ni mwembamba, kwa hivyo huweza kupenya baina ya msumari na msumari na kukisikiliza kitu kimoja kimoja. Gharama yake ni kina na muda. Haifiki mbali chini, na eneo ambalo koili kubwa hulimaliza kwa asubuhi moja litaichukua koili ndogo siku kadhaa. Mtumiaji hana budi kupunguza mwendo, kuipitisha koili juu ya kila sauti, kisha kugeuka na kuipitisha tena kutoka upande mwingine. Msumari husikika ukiwa mzima upande mmoja na kukatika upande wa pili. Sarafu, kwa kuwa ni duara, husema neno lile lile kila upande.

Na kizibo cha chupa? Hicho ndicho mnafiki mkuu wa ufuo. Kwa asili ni chuma, lakini kwa kuwa ni bapa na mviringo, huijibu mashine kwa sauti nzuri ya juu inayokaribia ile ya fedha. Mchaguzi anayejiona mwerevu atachimba vizibo kumi kwa furaha kumi kabla ya kuzinduka. Wenye uzoefu huinua koili kidogo au kuiburura mpaka ukingo wake uwe juu ya kitu, na hapo kizibo aghalabu hufichua ukuruzo wa chuma ndani ya sauti yake.

Kufikia hapo hakuna ubaya. Ubaya huanza mtafutaji anapochoka na vizibo na vipete, akaiamuru mashine inyamaze kabisa kwa kila kitu kinachofanana navyo. Mashine nyingi zina uwezo huo, na wauzaji wake husifu uwezo huo kuliko mwingine wowote. Hata hivyo, mashine haisomi maandishi wala haijui tarehe. Inapima umeme tu. Sarafu nyembamba ya fedha iliyo ndogo kuliko ukucha yaweza kujibu sawasawa na jaribosi, ile karatasi ya kung'aa ya pakiti za sigara. Dhahabu nayo huangukia mara nyingi katika kundi la alumini. Anayenyamazisha jaribosi amenyamazisha vyote viwili.

Hasara hiyo ni kubwa mno kwa pwani hii, kwa sababu sarafu zake kongwe ni ndogo. Huko Shanga, kisiwani Pate, wanaakiolojia waliokuwa wakiongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980 walikuta vipande vidogo vya fedha vilivyofuliwa papo hapo pwani zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, ilifukuliwa hazina ya zaidi ya sarafu 2,000 za fedha pamoja na dinari chache za dhahabu. Mwanafunzi wa fasihi atafurahi kusikia kwamba sarafu za fedha za Mtambwe, kama zile za shaba za Kilwa zilizofuata, zilikuwa na vina. Upande mmoja uliandikwa jina la mtawala, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande hizo mbili zilimalizikia kwa sauti moja. Maandishi ni ya Kiarabu, lakini mazoea ya kupenda vina ni ya watu wa pwani hii mpaka leo. Ni jambo la kusikitisha kudhani kwamba beti kama hizo huenda zimerukwa kwa kufananishwa na pakiti ya sigara.

Pamoja na hayo, kosa kubwa kuliko yote ni lile linalohesabiwa kuwa si kosa, yaani kukitupa chuma. Kila mtafutaji huanza kwa kukikataa chuma, na kila kitabu cha mafunzo humhimiza afanye hivyo. Sasa na tuende Gede, karibu na Malindi, ambako Kirkman alianza kufukua mwaka 1948. Nyumba za mji ule alizipa majina kutokana na vitu vilivyopatikana ndani yake. Ipo Nyumba ya Pesa za Kichina, na hiyo ingemfurahisha mtafuta sarafu. Lakini ipo pia Nyumba ya Makasi, na ipo Nyumba ya Taa ya Chuma. Mashine iliyoamriwa kudharau chuma ingepita juu ya nyumba hizo mbili bila kutoa hata mguno. Pesa ya Uchina yatuambia kwamba watu wa Gede walifungamana na dunia kubwa. Makasi na taa vyatuambia kwamba walikata nguo na kukesha usiku, na hakuna sarafu iwezayo kusema hayo.

Zipo sarafu mbili za safari ndefu zinazofaa kulinganishwa hapa. Mwaka 2010, wanaakiolojia wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na wa Chuo Kikuu cha Peking waliipata Mambrui, kaskazini mwa Malindi, sarafu ya shaba yenye tundu la mraba, ya enzi ya mfalme Yongle aliyetawala Uchina kati ya 1402 na 1424, ambaye ndiye aliyezituma merikebu za Zheng He. Ilitoka katika ufukuzi wa utaratibu, kwa hivyo yaweza kusomwa pamoja na vigae na udongo wa mahali hapo. Kinyume chake, mwaka 1944 mwanajeshi mmoja wa Australia aliokota katika mchanga wa Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo, sarafu tano za Kilwa pamoja na nne za Kiholanzi. Sarafu ni za kweli. Zilifikaje huko? Zimeandikiwa nadharia za kila namna, na hakuna iliyothibitika, maana ziliokotwa kama kombe. Kila shimo linalochimbwa Kikambala kwa haraka, sarafu ikatiwa mfukoni na kigae kikatupwa kando, linazalisha Wessel nyingine ndogo.

Tena Kikambala ina chuma cha namna nyingine ambacho mgeni hana budi kukijua kabla hajakidharau. Tarehe 28 Novemba 2002 gari lililojaa milipuko liliripuliwa katika hoteli ya Paradise ufuoni hapo. Watu 13 waliuawa mbali na washambulizi wenyewe, wengi wao Wakenya, wakiwemo wachezaji ngoma waliokuwa wakiwalaki wageni. Kipande cha chuma kilichopindika, katika mji uliopatwa na msiba kama huo, hakitupwi begani kwa kusonya.

Sheria ya nchi imekwisha kuyafikiria mengi ya haya. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 yakataza kutafuta mambokale, hata juujuu ya ardhi, bila leseni. Vitu hivyo vikiwa bado ardhini ni mali ya serikali, na aliyevigundua kwa bahati atakiwa kuwaarifu Makavazi mahali na namna alivyovipata katika muda wa siku saba. Mpaka wa umri ni mwaka 1895, mwaka ambao Uingereza ilitangaza himaya yake hapa. Kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka huo ni mambokale.

Mpaka huo unapita katikati ya pesa zenyewe. Neno "pesa" tumelipata Uhindini, kutokana na paisa, na ndilo walilotumia watu wa pwani kuiita shaba ndogo ya Sultani Barghash wa Unguja yenye picha ya mizani. Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki ilipotengeneza pesa yake kwa jina la Mombasa mwaka 1888, iliweka mizani vilevile. Pesa hiyo ya 1888 imo ndani ya sheria. Pesa ya shaba yenye sura ya Malkia Victoria iliyofuata mwaka 1897 iko nje yake, japo huenda ziliviringika mfukoni mmoja na kudondoka siku moja chini ya mkwaju mmoja. Mashine haiwezi kuzitenganisha, na mtu hazioni mpaka ameshachimba. Kwa hiyo mwenye koili ndogo na ruhusa ya mwenye shamba, asiye na leseni, hubaki na uwanja mwembamba mno: nyua za nyumba za karne ya 20, kumbi za zamani za wafanyakazi, kando ya barabara. Huko ataikuta ndururu ya tundu, ambayo watu waliitunga kwenye uzi, na senti kumi ya tundu iliyotolewa mpaka 1964. Akiwa na bahati na subira ataikuta pia senti ya alumini ya 1907 au 1908, iliyotumika muda mfupi kabla ya kubadilishwa. Hiyo, kwa masikio ya mashine, haina tofauti na kipete cha mkebe wa soda, na atakayeipata ni yule tu aliyekubali kuchimba vipete vyote.