Kitovu cha Gurudumu

Msomaji wangu, ukisimama kando ya barabara itokayo Nyeri kwenda Nanyuki siku ya Jumamosi, huenda ukaona tela dogo likivutwa na gari, limejaa hema na viti vya kukodishwa kwa harusi na mazishi. Mjomba wangu alikuwa na tela la namna hiyo, na wakati wa likizo za shule mimi ndiye niliyekuwa mtunzaji wake. Naomba nikueleze habari za beringi zake, maana kwa hizo nilipata kujua aibu ni kitu gani.

Beringi hukaa ndani ya kitovu cha gurudumu, mahali pasipoonekana. Ile ya tela ina pete mbili za chuma kigumu, ya ndani na ya nje, na katikati yake vigogo vidogo vya chuma, vyembamba zaidi upande mmoja. Umbo hilo huiwezesha kubeba mzigo ulemeao kutoka juu, na pia msukumo wa ubavuni wakati wa kukata kona. Henry Timken wa Marekani aliipatia hataza mwaka 1898, naye alikuwa mtengenezaji wa magari ya farasi!

Mjomba aliniagiza kila mwaka nifungue vitovu, nioshe beringi kwa mafuta ya taa, nizikague, kisha nizishindilie grisi mpya kwa kiganja mpaka itokeze upande wa pili. Watengenezaji wengi wa ekseli za tela hutaka kazi hiyo ifanywe kila miezi 12 au kila maili 12,000. Lakini ni kazi ya uchafu, nami nilipenda kazi ionekanayo. Kila tuliporudi safarini tuliliingiza tela mtoni, maji yakafika katikati ya magurudumu, nikaliosha hata likang'aa. Majirani walinisifu sana.

Kumbe nilikuwa nikiliua. Kitovu kitokacho safarini huwa na moto, na hewa iliyomo ndani imetanuka. Kikizamishwa ghafula katika maji baridi yashukayo kutoka Mlima Kenya, hewa hiyo hunywea, na kitovu huvuta maji kupita kwenye mpira uzuiao grisi. Grisi ikichanganyika na maji hugeuka nyeupe kama maziwa, na chuma hushika kutu.

Aprili 2009 tulikuwa tukipeleka hema mazishini, karibu na Nanyuki. Mjomba aliniuliza, "Umetia grisi?" Nikajibu, "Nimetia, Mjomba."

Tulipokwisha kupita Naro Moru tukasikia harufu ya kuungua. Gurudumu la kushoto lilikuwa limeinama, na kitovu kikifuka moshi. Vigogo vilikuwa vimegeuka rangi ya buluu, na vingine vimesagika kabisa. Mvua ikaanza. Saa tatu zilipita kabla ya kupata lori la kuhamishia mizigo. Tulipofika, wazee walikuwa wamesimama matopeni, na mama mzazi wa marehemu alikuwa chini ya mti, leso yake imelowa chapachapa. Hakuna aliyetukemea. Mama yule alisema tu, "Karibuni, wanangu. Poleni kwa safari." Laiti angalinitukana!

Siku ya pili nilitumwa mjini Nyeri kununua beringi. Nilichukua namba ya pete ya nje peke yake, L44610, nikauziwa beringi iliyoingia kitovuni barabara, lakini kwenye ncha ya ekseli ikachezacheza. Sababu yake ni hii: pete hiyo ya nje hutumiwa na pete mbili tofauti za ndani. L44643 ina tundu la milimita 25.4, na L44649 tundu la milimita 26.99. Ekseli yetu ilikuwa ya 25.4, nami nilikuwa nimeleta ile kubwa. Basi uendapo dukani, shika namba za pete zote mbili, na ncha ya ekseli uwe umeipima. Usibakize pete kuukuu ya nje ili kuokoa fedha, kwa kuwa makovu yake yataila mpya. Na ule mpira nao uwe mpya. Unapokaza nati, zungusha gurudumu kwa mkono mpaka liwe zito, kisha ulegeze nati kidogo, lizunguke bila kizuizi na bila kuyumba. Beringi iliyokazwa mno huungua sawa na iliyokosa grisi. Hata leo, nikivuta tela, husimama Kiganjo nikagusa vitovu kwa mgongo wa mkono. Uvuguvugu si kitu. Mkono ukishindwa kutulia, siendelei.

Usiku ule, baada ya kufunga kitovu, nilimwambia Mjomba ukweli. Alikuwa akifuta mikono kwa kitambaa, wala hakuinua macho.

"Nalijua tangu jana," akasema. "Nililifungua kopo la grisi, nikalikuta limejaa."