Nchi Iitwayo Mwokozi

Mwalimu akitandaza ramani ya Amerika mbele ya wanafunzi wake, na awaulize iko wapi nchi ya El Salvador, wengi watatafuta sana kwa kidole kabla ya kuiona. Iko katika ile shingo nyembamba iungayo Amerika ya Kaskazini na ya Kusini, upande wa bahari ya Pasifiki. Ni ndogo kupita jirani zake zote wa bara hapo. Eneo lake ni kilomita za mraba 21,000 hivi, na wakaaji wake wapata milioni 6. Jina lake ni la Kihispania, maana yake Mwokozi. Tena watu zaidi ya milioni 2 wa asili yake wakaa Marekani. Basi mbona wengi hivi wametoka katika nchi yenye udongo mwema na mvua ya kutosha?

Wako wajibuo upesi kwamba nchi ni ndogo na watu wamezidi. Jibu hilo halinitoshi. Ukizifuata habari za nchi hii tangu kale, utakuta kwamba kila safari kubwa ya watu wake ilianzia shambani.

Wahispania waliingia mwaka wa 1524, wakiongozwa na Pedro de Alvarado. Wenyeji, yaani Wapipil, waliiita nchi yao Cuzcatlán, nao walipigana kwa ushujaa kabla ya kushindwa. Wageni wakalimisha nili, ambayo majani yake hutoa rangi ya buluu iliyopendwa sana Ulaya. Hata tarehe 15 Septemba 1821 nchi zile zikajitoa katika mamlaka ya Hispania. Hapa sina budi kumtaja padre mmoja, José Simeón Cañas. Siku ya mwisho ya mwaka 1823, ingawa alikuwa mgonjwa, alikwenda mbele ya baraza la nchi zile kule Guatemala, akaomba watumwa waachwe huru kabla ya shauri jingine lolote. Mwaka uliofuata sheria hiyo ikatolewa. Ni neno jema katika habari ambayo mara nyingi si njema.

Baadaye Wazungu wakavumbua njia ya kutengeneza rangi kwa dawa, na bei ya nili ikaanguka. Matajiri wakageukia kahawa. Sasa mbuni hupenda vilima, na vilima vingi vilikuwa ardhi ya vijiji, ambayo wenyeji waliilima kwa shirika tangu zamani za babu zao. Mwaka wa 1881 na 1882 serikali ikatoa sheria za kuifuta milki ya namna hiyo. Kila kipande sharti kiwe na mwenyewe mmoja, mwenye hati. Wenye mali na wenye kujuana na wakubwa wakajipatia mashamba makubwa. Wanakijiji wengi wakawa vibarua wa kuchuma buni katika vilima walivyovilima zamani kwa ajili ya watoto wao.

Mambo yakaenda hivyo miaka hamsini. Kisha, baada ya mwaka wa 1929, bei ya kahawa ilishuka duniani pote, na ujira wa vibarua ukashuka nayo. Desemba 1931 askari walimwondoa rais, na Jenerali Maximiliano Hernández Martínez akashika utawala. Mwezi wa Januari 1932 wakulima wa magharibi, pande za Izalco, Nahuizalco na Juayúa, waliondoka na mapanga, pamoja na Wakomunisti. Waliua watu kadhaa. Lakini askari walipolipiza kisasi waliua maelfu kwa maelfu, wenye hatia na wasio na hatia: wengine wahesabu 10,000, wengine 30,000. Mkubwa wa wenyeji wa Izalco, Feliciano Ama, alinyongwa. Tangu siku zile wazazi wengi waliacha kuvaa nguo za kikwao na kusema Kinawat mbele ya watu, kwa hofu. Lugha ya mama ikawa neno la kunong'onwa. (Karibu na hapo uko mlima wa moto wa Izalco, uliowaka usiku na mchana tangu 1770, hata mabaharia wakauita taa ya Pasifiki. Watu walijenga hoteli ili wageni wautazame, nao mlima ukazimika!)

Wasio na ardhi walifanya nini? Walivuka mpaka kwenda Honduras, nchi iliyo kubwa mara tano na yenye watu wachache wakati ule. Wengine walifanya kazi katika mashamba ya ndizi, wengine walifyeka msitu wakalima. Mwaka wa 1969 walikuwa wapata 300,000. Lakini serikali ya Honduras ilipotaka kuwagawia raia wake ardhi, iliwafukuza wageni hao. Mwezi wa Juni timu za mpira za nchi hizo mbili zilishindana mara tatu katikati ya ghasia, na tarehe 14 Julai majeshi ya El Salvador yakaingia Honduras. Vita vilikwisha kwa siku nne. Magazeti yaliviita vita vya mpira, jina la mzaha lisilofaa. Mpira haukumnyang'anya mtu shamba lake. Makumi ya maelfu walirudi kwao mikono mitupu, katika nchi ile ile isiyokuwa na nafasi kwao.

Ndipo walipoanza wengi kudai haki, na wenye nguvu kuwajibu kwa bunduki. Askofu Mkuu Óscar Romero aliwatetea maskini. Tarehe 23 Machi 1980 aliwasihi askari waache kuwaua ndugu zao, na kesho yake alipigwa risasi akisoma Misa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilidumu hata mapatano ya Januari 1992, na watu wapata 75,000 walikufa. Walioweza walikimbilia Marekani, hasa Los Angeles na pande za Washington.

Baadhi ya vijana wa Los Angeles waliingia katika magenge, nao waliporudishwa kwao kwa nguvu waliyaleta magenge hayo nyumbani. Miaka mingi watu walihama kwa kuyaogopa. Tangu Machi 2022 serikali, kwa sheria ya hatari, imekamata watu zaidi ya 80,000. Mauaji yamepungua sana, na njia zilizoogopwa sasa zapitika. Lakini wako akina mama waliao kwamba wana wao wamefungwa bila hatia.

Hata leo fedha zitumwazo na walio mbali ni sehemu kubwa ya pato la nchi, na tangu 2001 dola ya Marekani ndiyo fedha ya sokoni. Kwa fedha hizo nyumba za matofali zimejengwa na ada za shule zimelipwa, na watoto wengi wamelelewa na bibi zao. Katika mji wa Intipucá, mashariki, ambao watu wake wengi wako pande za Washington, wamesimamisha sanamu ya msafiri. Hana jembe, amebeba mfuko.